Paa, Sanduku, Duara

Jina lako nililijua kwa umbo kabla ya sauti:
paa la nyumba na kijiti ubavuni,
sanduku limekalia duara,
kisha duara jingine, hili limevaa kofia.
Likipita mwanzoni, jeupe juu ya mvua ya huko kwenu,
humwambia Likwata: zima feni. Ni yule.

Magomeni Mikumi, chumba cha uani.
Ukutani trei za mayai, tumezibandika kwa gundi ya seremala
zimeze kelele za mashine ya kusaga.
Mimi, maikrofoni, kikombe cha tangawizi.
Miaka kumi na saba nimekuwa kinywa chako
nawe hujui kwamba una kinywa huku.

Nimekuwa mama mkwe, nimekuwa tajiri mwenye saratani,
daktari, mtoto wa kufikia, mlevi wa kituo cha treni,
wote kwa koo hili moja.
Mtu akisafiri uliandika maneno fulani,
mtu akikata roho ukaandika yale yale,
nami nikapekua Kiswahili chote
kutafuta mpagazi wa mizigo miwili.
Kwaheri ilikuwa nyepesi. Buriani ilijua mno.
Nikasema: *Haya.*
Haya tu. Tandale nzima ikalia.

Kijana aliyekuja kupima nguzo za daraja la Salenda
ndiye aliyenisomea: Seo Myeong-hui.
Nikalitafuna mpaka likalainika.
Akasema uliosha vyombo kwenye mgahawa wa supu
hadi umri wa miaka arobaini na mmoja,
ukiandika nyuma ya vikaratasi vya oda;
kwamba mchezo wako wa kwanza ulirudishwa mara kumi na moja;
kwamba walipokupa tuzo ya kioo
uliiweka jikoni, ishikilie miko.
Sijui. Mtu aliye mbali na kwao huongeza chumvi.
Lakini ndipo nilipoelewa kwa nini kina mama wako wote
huficha vidole wageni wakiingia.

Nina deni lako, Seo.
Tamthilia ya nne, sehemu ya kumi na tisa:
mama anamenya vitunguu saumu,
barua ya mwanawe iko mezani,
dakika tatu hasemi neno.
Likwata akasema, wateja watarudisha,
watadhani kanda mbovu.
Nikajaza.
Nikamtia mdomoni maneno ya mama yangu
siku alipouza kitanda tulipe kodi:
*Kitanda si kitu, mwanangu. Kitu ni usingizi.*
Iliuzika kuliko zote.
Kwa Mtogole waliyasema hadi kwenye vyama vya kumfunda mwali,
na sifa wakakupa wewe:
huyu Mkorea, jamani, katulia wapi na maisha yetu?
Nikanyamaza. Nikapokea hela.

Sasa kijana wa daraja ameandika kutoka kwao:
bibi ameweka kalamu chini, hii ndiyo ya mwisho.
Nikaifungua usiku, umeme ukakatika, ukarudi saa nane.
Paa, sanduku, duara.
Na sehemu ya mwisho kabisa, mwanamke mzee,
kisu kidogo, bakuli, vitunguu saumu.
Dakika nne safari hii, kana kwamba uliambiwa.

Likwata, mvi hadi kwenye nyusi, akagonga saa yake.
Nikafunika maikrofoni kwa kiganja.
Jasho likatiririka mpaka kiwikoni.
Nje mashine ikaanza kusaga mahindi ya mtu,
na sauti hiyo, kidogo, ikaingia.

Hakuna aliyerudisha flashi mpaka leo.
Alikuja Bi Mwanaidi peke yake,
yule aliyewahi kunifokea kwa kumuua binti wa watu.
Akasimama mlangoni, hakuvua miwani.
Pale pa vitunguu, akauliza,
yale maneno, ni yako au ya yule mwandishi?

Yake, nikamwambia.
Yote ni yake.